Funguo za gemu za bei chee mtandaoni: jinsi ya kujua kama ni halali kabla hujatoa hela

Swali linalorudi kila siku ni lilelile, "hii saiti ni ya kweli au matapeli?", na mtu anabandika linki ya gemu ambayo kwenye Steam, lile duka kubwa la gemu za kompyuta, bado iko bei kamili afu huko inauzwa chini ya nusu. Majibu nayo huwa yaleyale, mmoja anasema nimenunua mara kumi haijawahi kunizingua, mwingine anasema mimi nilipigwa kaa mbali. Na wote wawili wanasema kweli, tena inawezekana walinunua saiti ileile wiki ileile. Ndo maana naona swali lenyewe limekaa vibaya. Cha kuuliza kwanza sio saiti, cha kuuliza ni huu ufunguo umetoka mkononi mwa nani.

Hapa chini ni hatua ninazopitia mimi kabla sijanunua. Hazina uzito sawa, ya tatu ndo imebeba kila kitu, kwa hiyo kama huna muda ruka uende hapo.

Hatua ya 1: Elewa unachouziwa

Ufunguo wa gemu chukulia ni kama vocha ya simu. Ni mstari wa herufi na namba, ule wa Steam uliozoeleka una makundi matatu ya tano tano yenye vistari katikati, wa Xbox una herufi 25, na ukishaingizwa kwenye akaunti moja umekufa, hauingii kwingine. Tofauti ni kwamba vocha unaiona kama imekwanguliwa au bado. Ufunguo hauna cha kukwangua, ukiutazama mzima na uliokwisha kutumika wanafanana kama mapacha, na huwezi kuujaribu bila kuutumia. Muuzaji anajua hali yake, wewe hujui, na biashara yote hii imejengwa juu ya hiyo tofauti.

Kingine, hununui gemu, unanunua leseni ya kuicheza. Steam wenyewe toka Oktoba 2024 wanaiandika hiyo sentensi pale unapolipia, na sheria ya California iliyoanza kutumika Januari 2025 inawataka wauzaji wawaambie watu hivo wazi. Leseni inafutika. Mchapishaji akigundua fungu fulani la funguo liliibwa analizima lote, na gemu inatoka kwenye laibrari yako hata kama ulishafika katikati ya stori.

Hatua ya 2: Jua kama uko dukani, sokoni, au kwa dalali

Watu wanayachanganya haya matatu kwa sababu kurasa zao zote zinafanana, picha ya gemu, bei imekatwa kwa wino mwekundu, kitufe cha kununua.

Duka ni lile lililopewa funguo na wenye gemu. Humble Bundle, Fanatical, Green Man Gaming, Gamesplanet, hayo ni baadhi. Valve, wenye Steam, inawaruhusu wenye gemu kutengeneza funguo za Steam bure na kwenda kuziuza nje, na kwenye hizo haichukui ile asilimia 30 yake ya kawaida, kwa hiyo duka la namna hii linaweza kabisa kukupa bei ya chini kuliko Steam bila uchawi wowote. Kuna watu wakiona bei iko chini ya Steam wanashtuka wanasema magumashi, hapana, hiyo peke yake haithibitishi kitu. GOG nayo ni duka halali, ila kule unapakua faili la gemu lenyewe, usitegemee ufunguo wa Steam.

Soko ni G2A, Kinguin, Eneba, Gamivo na wenzao. Hawa kazi yao kubwa ni kukodisha meza. Unayenunua kwake ni mtu au kampuni iliyojiandikisha pale kwa jina lolote, na mwenye soko anakata kamisheni. Mwenye soko ni kampuni ya kweli, ina ofisi, inalipa watu mishahara, lakini hilo halikuambii chochote kuhusu mzigo wa meza namba 400. Ndo pale majibu ya wale wawili wa mwanzo yanapopishana.

Dalali ni wa katikati, ananunua funguo kwa wingi kutoka kwa wasambazaji na kuziuza kwa jina lake mwenyewe, CDKeys, ambayo mwaka 2025 ilibadili jina kuwa Loaded, ndo mfano unaojulikana. Hapa angalau kuna mmoja wa kumlaumu, ila njia iliyopita funguo mpaka kumfikia haionyeshwi.

Namna rahisi ya kujua uko wapi: fungua IsThereAnyDeal, ambayo inaorodhesha maduka yaliyoidhinishwa, au GG.deals ambayo inaweka maduka rasmi upande mmoja na wauza funguo upande mwingine. AllKeyShop inachanganya wote kwenye orodha moja, kwa hiyo pale usione jina liko juu ukadhani limepewa baraka.

Na hata duka zuri usilale. Mei 2015, kabla The Witcher 3 haijatoka, CD Projekt, wenye gemu hiyo, waliwaambia watu wasiinunue Green Man Gaming kwa sababu wao hawakuwapa funguo na hawakujua zimetoka wapi, na Green Man Gaming wakajibu wamezipata kwa wauzaji wengine walioidhinishwa. Kwa hiyo ukiwa na mashaka na gemu fulani angalia ukurasa wa mwenye gemu, wengi wanataja wanapouzia.

Hatua ya 3: Jiulize kwa nini ni rahisi

Hapa ndo penye kazi. Hakuna anayeuza kwa hasara kwa mapenzi, kwa hiyo kama mtu anakupa ufunguo chini ya nusu ya bei na soko linamkata kamisheni na bado anabaki na faida, basi aliupata kwa bei ya chini zaidi ya hapo. Aliupataje? Njia ninazozijua ni nne na zinatofautiana sana kwa ubaya.

Ya kwanza ni mabando. Mtu kanunua bando la gemu nane kwa bei ya moja, anataka mbili tu, sita zilizobaki anaziuza. Ufunguo huu huwa unafanya kazi na mwenye gemu alipata angalau kitu, japo masharti ya wauza bando kama Humble yanakataza kuziuza tena. Ukiona gemu ya miaka mitatu iliyopita, iliyowahi kutoka kwenye bando, bei imeanguka sokoni ghafla wiki hiyohiyo, karibu kila mara maelezo ni haya. Hii ndo njia inayoninyima usingizi kidogo kuliko zote.

Ya pili ni tofauti ya bei kati ya nchi na nchi. Gemu moja inauzwa bei tofauti kulingana na mifuko ya watu wa huko, kwa hiyo kuna anayenunua kwenye bei ya chini na kuuza kwenye bei ya juu. Wachapishaji wanajua, ndo maana wanafunga funguo zisiamke nje ya eneo fulani. Umoja wa Ulaya waliikataa tabia hiyo ndani ya nchi zao, Januari 2021 Valve na wachapishaji watano, wakiwemo Capcom na Bandai Namco, walipigwa faini ya jumla ya euro milioni 7.8 kwa kuzuia funguo zilizonunuliwa nchi moja ya Ulaya zisitumike nyingine. Lakini huo ni uamuzi wa huko kwao, usije ukaubeba ukadhani kila ufunguo duniani umefunguliwa. Kwako wewe hatari ya njia hii ni ufunguo kukugomea, sio kwamba umeibwa.

Ya tatu inaniudhi zaidi ya jinsi watu wanavoichukulia, ni funguo za bure. Mtengeneza gemu mdogo anapokaribia kutoa gemu anaandikiwa imeili nyingi za "mimi nina chaneli ya video, naomba funguo tano nikufanyie tathmini". Anuani ya imeili inafanana na ya mtu maarufu kasoro herufi moja. Anatoa funguo, video haitoki, na siku gemu inatoka zile funguo ziko sokoni kwa bei ya kutupa. Valve walileta utaratibu wa kuwatumia watathmini gemu moja kwa moja kwenye akaunti zao mwaka 2017, bila ufunguo wowote kupita kwenye imeili, na shida hii ni sababu kubwa ya watengenezaji kuupokea. Ukiona gemu ya mtengenezaji mdogo, imetoka juzi, haijawahi kuwa kwenye ofa wala bando, afu sokoni iko robo bei, mimi hapo sigusi.

Ya nne ni kadi za wizi. Mwizi ana namba za kadi za watu, anaenda duka halali ananunua funguo mia, anaziuza sokoni siku hiyohiyo, hela inakuwa safi. Wiki mbili tatu baadaye mwenye kadi anaona muamala asioujua, anapiga simu benki, benki inairudisha hela kwa nguvu kutoka kwa duka, na juu yake duka linatozwa ada ya usumbufu. Kwa hiyo duka au mwenye gemu amepoteza ufunguo, amepoteza hela, na amelipa faini. Njia pekee iliyobaki kwake ni kuuzima ufunguo, na mwenye ufunguo saa hiyo ni wewe.

Na hii ina mifano inayojulikana. Januari 2015 Ubisoft walizima funguo za gemu kadhaa, Far Cry 4 ikiwemo, wakasema zilinunuliwa kwenye duka la Origin kwa kadi za wizi na kuuzwa tena. Watu walilia sana, baadaye Ubisoft wakawarudishia wale waliokuwa wameshaziingiza na kuanza kucheza, lakini hakuna aliyewalazimisha. Juni 2016 tinyBuild, kampuni nyingine ya gemu, wakasema gemu zao zenye thamani ya dola 450,000 kwa bei ya dukani ziliuzwa G2A kwa kama dola 200,000 na wao hawakuona kitu. G2A walibisha na mzozo ukawa mrefu. Afu kuna Wube, wale waliotengeneza gemu ya Factorio, ambao walikuwa wakiuza kwenye saiti yao wenyewe na kupigwa na miamala ya kurudishwa. G2A waliahidi mwaka 2019 kwamba ikithibitika watalipa mara kumi ya hasara, uchunguzi ukafanyika, zikapatikana funguo 198 za wizi zilizouzwa pale mwaka 2016, na mwaka 2020 wakailipa Wube dola 39,600. Nawapa sifa kwamba walilipa. Lakini soma tena tarehe: zimeuzwa 2016, zimekubalika 2020. Katikati ya hapo mnunuzi wa kawaida angejuaje?

Mike Rose wa No More Robots, mchapishaji wa gemu, alifikia mahali mwaka 2019 akawaambia watu hadharani ni bora wazidownload gemu zake kwa uharamia kuliko kuzinunua G2A, kwa sababu kote kuwili yeye hapati senti.

Kisheria jibu sio moja. Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2012, kwenye kesi ya UsedSoft na Oracle, ilisema programu iliyonunuliwa kwa leseni ya kudumu inaweza kuuzwa tena, na mahakama ya Paris mwaka 2019 ikawaambia Valve waruhusu watu wauze gemu zao, afu mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya palepale Paris ikaitengua. Kwa mnunuzi wa ufunguo mmoja, adui wa kweli ni kuzimiwa na kukosa wa kumdai.

Mimi mwenyewe nilizimiwa. Ilikuwa gemu ya vita vya kupanga mikakati, niliinunua kwenye soko moja silitaji, muuzaji ana asilimia 98 ya nyota, ufunguo ukaingia bila shida nikacheza karibu wiki tatu. Siku moja nafungua Steam naona ujumbe mfupi kwamba kuna gemu imeondolewa kwenye akaunti yangu, naangalia kwenye orodha jina halipo. Faili zote ziko kwenye diski, gigabaiti zangu zimekaliwa, ila kitufe cha kucheza kimegeuka kuwa cha kununua. Nimeandika kwa muuzaji, akaunti yake imeshafungwa. Nimeandika kwa soko, wakaniambia muda wa malalamiko ulishapita. Hapo ndo nilianza kuandika hizi hatua.

Hatua ya 4: Piga hesabu upya, bei ya ukurasa wa kwanza sio bei

Bei unayoiona kwenye orodha mara nyingi haina ada ya huduma wala ada ya njia ya malipo wala kodi. Bonyeza mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa ndo uandike namba. Njiani utakutana na kisanduku cha "ulinzi wa mnunuzi" au uanachama wa kila mwezi, wakati mwingine tiki imeshawekwa, na ile bei ya chini kabisa uliyovutiwa nayo kumbe ni ya wanachama. Ondoa tiki uone bei inaruka wapi. Afu jiulize kitu kidogo tu, kwa nini nilipe zaidi ili nilindwe dhidi ya mtu ambaye wewe mwenye soko ndo umempa meza?

Baada ya hapo linganisha na historia ya bei. IsThereAnyDeal na SteamDB zinaonyesha gemu imewahi kushuka hadi wapi na lini. Steam wana ofa kubwa za msimu nne kwa mwaka, na mara kibao nimekuta gemu ambayo sokoni ni "asilimia 55 chini" iliwahi kufika 50 kwenye Steam yenyewe miezi miwili nyuma. Hiyo tofauti ya tano ndo unahatarisha usiku wako?

Na weka kwenye mizani haki ya kurudisha. Gemu uliyoinunua Steam unaweza kuomba hela yako ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Iliyoingia kwa ufunguo wa nje, Steam hawakurudishii hela kwa sababu hawakuipokea. Kwa gemu ambayo hujui hata kama kompyuta yako itaiweza, hiyo haki ina thamani kuliko punguzo.

Hatua ya 5: Soma ukurasa wa bidhaa kama unasoma mkataba

Tafuta neno linalosema ni ufunguo au ni akaunti. Hili ndo shimo wengi wanalotumbukia. Kuna bidhaa zinaandikwa jina la gemu kwa herufi kubwa na pembeni kwa herufi za sisimizi neno akaunti, maana yake utatumiwa jina na paswedi ya akaunti ya mtu mwingine, wakati mwingine ileile imeuzwa kwa watu ishirini na mnaambiwa mcheze bila kuwa hewani. Steam inakataza kuuza akaunti, na mwenye akaunti wa kwanza akiwa na ushahidi wa manunuzi yake ya mwanzo anaweza kuirudisha kwake wakati wowote. Bei ikiwa ya kushangaza kuliko za wengine wote kwenye orodha, mara nyingi ni hii.

Wa PlayStation ndo wawe macho zaidi. Sony waliacha kuwapa maduka mengine namba za gemu kamili tarehe 1 Aprili 2019, zikabaki kadi za kuweka hela kwenye pochi. Kwa hiyo ukiona "ufunguo" wa gemu mpya kamili ya PS5 sokoni, uliza mara mbili kama sio akaunti. Na kadi za pochi lazima zilingane na nchi ya akaunti yako, kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza.

Eneo. Usiishie kwenye neno "dunia nzima" lililopo kwenye kichwa, shuka chini kuna orodha ya nchi ambazo hauamki. Kama maelekezo yanakwambia uwashe VPN ili uingize ufunguo, acha. Masharti ya Steam yanakataza kuficha ulipo ili kukwepa mipaka, na akaunti inayohatarishwa ni yako, sio ya aliyekuuzia.

Mengine nayapitia haraka: hakikisha ni toleo unalotaka, hakikisha sio nyongeza inayohitaji gemu mama ambayo huna, hakikisha ni platifomu yako (Steam, Epic, Ubisoft Connect ni vitu tofauti), na zile "funguo za bahati nasibu", ambazo hujui utapata gemu gani, ni kulipia takataka iliyofungwa vizuri.

Kama akaunti yako ya Steam ni mpya kabisa, jua kwamba funguo za nje hazihesabiwi kama umetumia hela. Mpaka utumie angalau dola 5 Steam kwenyewe inabaki na vizuizi, huwezi kutuma maombi ya urafiki, sasa unanunua gemu ya kucheza na wenzako afu hata kuwaalika huwezi.

Hatua ya 6: Muuzaji

Kama bado unaendelea. Usiangalie asilimia, angalia idadi na muda. Asilimia 98 ya mauzo laki moja kwa miaka mitano ni kitu kimoja, asilimia 100 ya mauzo arobaini kwa wiki mbili ni kitu kingine kabisa. Na kumbuka nyota zinatolewa dakika ileile ufunguo ulipokubali, hakuna anayerudi wiki ya tatu kubadilisha nyota yake baada ya kuzimiwa. Mimi sikurudi. Soma maoni mabaya tu, tafuta kama yanasema "umeshatumika" au "ulizimwa baadaye". La kwanza linaweza kuwa uzembe, la pili ni harufu ya kadi ya wizi.

Hatua ya 7: Lipa kwa njia inayoweza kurudi nyuma

Tumia njia ambayo unaweza kufungua malalamiko, na kama benki yako inatoa kadi ya mtandaoni ya muda tumia hiyo, weka kiasi kinachotosha tu. Usikubali kuhifadhi kadi kwenye saiti. Muuzaji akikwambia mmalizane nje ya saiti, kwa meseji, kwa sarafu za kidijitali, eti atakupunguzia, hapo umeshapigwa ila hujajua tu.

Piga skrinshoti ya ukurasa wa bidhaa kabla hujalipa, hasa ile sehemu ya eneo na aina, mana ikitokea shida ukurasa unaweza kuwa umebadilishwa au haupo.

Hatua ya 8: Ingiza siku hiyohiyo

Usiuweke ufunguo kwa ajili ya sikukuu ya mtu. Muda wa malalamiko unaanza kuhesabu toka ulipolipa, na ufunguo uliolala kwenye imeili ni ufunguo ambao hujui kama ni mzima. Kama unaweza, rekodi skrini kuanzia unapofungua ule ukurasa wa ufunguo mpaka Steam inapojibu. Inaonekana ni ushamba, ila baadhi ya masoko ushahidi wa kwanza wanaouomba ni huo.

Wengine wanatuma picha ya kadi iliyopigwa kwa simu badala ya maandishi. Mimi nilitumiwa moja ina ukungu, mwanga wa flashi umepiga katikati, herufi ya saba sikujua ni B au 8, ya kumi na moja sikujua ni O au D. Nikaanza kujaribu moja moja kama mwizi wa kufuli, baada ya majaribio kadhaa Steam ikanifungia, ikasema majaribio yamezidi nisubiri. Kumbe nilitakiwa kuikuza picha na kuongeza giza kwanza kwenye programu ya picha, mstari wa katikati wa B ukaonekana. Herufi yenye utata ni moja tu? Jaribu mara mbili. Ni tatu? Mrudishie muuzaji akuandikie.

Steam ikikataa, soma imesemaje. Ikisema ufunguo umeshatumiwa na akaunti nyingine, hiyo ni kesi ya moja kwa moja, piga skrinshoti. Ikisema haupatikani katika nchi yako, rudi kwenye ile skrinshoti ya hatua ya 7. Ikisema tayari unayo hii gemu, kosa ni lako, ila ufunguo bado ni mzima.

Hatua ya 9: Ukizimiwa baadaye

Anza kwenye akaunti yako ya Steam, ukurasa wa leseni na funguo ulizoingiza. Pale kuna tarehe na namna kila gemu ilivoingia, na ndo ushahidi wa kwamba uliingiza tarehe ileile uliyonunua. Usipoteze muda kuwaandikia Steam wakubadilishie, ufunguo wa nje watakurudisha kwa aliyekuuzia.

Andika kwa soko kwanza, sio kwa muuzaji peke yake, kwa maneno machache: namba ya oda, tarehe, picha, unataka hela sio ufunguo mwingine. Wanapenda kukupa ufunguo mwingine kutoka meza ileile. Wakizungusha, fungua malalamiko benki au kwa kampuni ya malipo, ukijua kwamba soko linaweza kukufungia akaunti yako kule, na kama una salio kwenye pochi yao litoe kwanza. Tahadhari moja tu, malalamiko hayo yawe dhidi ya soko. Usije ukajichanganya ukapinga benki muamala uliolipa Steam yenyewe, mana hapo Steam wataifunga akaunti yako mpaka ulipe.

Unaweza pia kumwandikia mwenye gemu umuulize kama ufunguo ulizimwa na kwa nini. Mpe ufunguo na ulikonunua. Andika kwa heshima, yeye kaibiwa kabla yako. Mimi nilijibiwa ndani ya siku mbili kwamba fungu lile lilinunuliwa kwa kadi ya mtu, na jibu hilo nikaliambatanisha kwenye malalamiko ya benki.

Na usifute faili za sevu, zile zinazohifadhi ulipofikia kwenye gemu. Gemu ikiondolewa kwenye laibrari, sevu nyingi zinabaki kwenye folda ya nyaraka, zinakopika mahali salama. Ile gemu yangu niliinunua tena kwenye ofa ya Steam miezi kadhaa mbele, nikairudisha folda mahali pake, ikafunguka palepale nilipoachia, mji mkuu umezingirwa pande tatu na hazina haina hata sarafu moja.